Stesheni ya Kanzenze Isiyo na Reli

Koti la kazi la baba yangu lilinuka dizeli, grisi na sabuni ya mche, na harufu hiyo ilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake. Ukilifungua sanduku, chumba kilibadilika. Kwa muda hukuwa tena Kanzenze, huku Rwanda, kwenye ukungu na udongo mweusi uliojaa mawe ya volkeno. Ulirudi kwenye stesheni ndogo kati ya Tabora na Kigoma, mahali nilipozaliwa, ambapo baba alikuwa akibadilisha njia za treni na kupeperusha bendera ya kijani. Niliijua vizuri harufu hiyo kwa sababu nililifungua sanduku lile karibu kila siku, mama akiwa shambani na baba ametoka. Sikuwa natafuta cha kula wala cha kuchezea. Nilikuwa napeleleza. Nilitaka kuona kama koti bado limo, kama shati jeupe bado limekunjwa, na zaidi ya yote, kama viatu vya safari vimeongezwa. Kwa akili yangu ya kitoto, siku viatu vitakapoingia sandukuni ndiyo siku baba atakapotuacha na kurudi Tanzania.

Tabia ya kushuku nimeirithi kwa mama, na sioni haya kusema. Mama alikuwa mtu ambaye akiletewa kuku wa zawadi, anamkagua kuku macho na miguu, kisha anamkagua na aliyemleta. Miaka ile ya watu kurudi kutoka ukimbizini hata hivyo kila mtu huku kwetu alimtazama mwenzake mara mbili. Sisi tulikuwa tumetoka Tanzania, wengine walitoka Uganda na Kiingereza chao, wengine walikuwa na ndugu Goma na walivuka mpaka asubuhi na kurudi jioni, na tuliowakuta hapa walitaka kujua kila mmoja wetu anataka nini. Kinyarwanda cha baba, alichojifunza kwa wazazi wake ugenini, kilikuwa na lafudhi iliyowachekesha watu sokoni Mahoko. Akichekwa, alinyamaza. Nyumbani akaanza kutusemesha Kiswahili tu, na ndiyo maana hata leo nikikumbuka mambo ya nyumba ile nayakumbuka kwa Kiswahili.

Kile alichokililia nilikijua, maana na mimi nilikiona kwa macho yangu. Stesheni yetu ya kule ilikuwa nyumba moja ya kuta za manjano, kengele ya chuma na uwanja wa kokoto uliolingana na reli. Hapakuwa na jukwaa la kupandia. Abiria walishika vyuma vya mlangoni wakapanda ngazi za behewa kutoka chini kabisa, na mimi ilibidi ninyanyuliwe kwa kwapa kwa sababu ngazi ya kwanza ilinifika kifuani. Wanawake walikimbilia madirishani na masinia ya mihogo ya kuchemsha na chupa za asali, wakipokea hela huku behewa limeshaanza kusogea. Watu wa pale walikuwa hawasemi treni. Walisema gari. Gari la Kigoma limechelewa, gari limepita, mke wa fulani kaja na gari. Neno hilo moja lilitosha, kwa sababu magari mengine yalikuwa machache na hayakuwa na maana kwa mtu.

Kanzenze baba hakukaa vizuri. Alilima viazi kwa sababu mama alilima viazi, lakini alishika jembe kwa unyonge, na kila alipopata nafasi alikwenda kukaa juu ya jiwe kando ya barabara, akitazama malori yakishuka kuelekea Gisenyi. "Huku hakuna kinachopita kwa saa yake," alisema. Siku moja nilimsikia akimwambia mama kwamba viazi vikishavunwa atakwenda Tanzania kuangalia kama nafasi yake ya kazi bado ipo. Kwenda kuangalia! Wanaume wawili wa hapo kwetu walikuwa wamekwenda kuangalia, na wake zao walikuwa bado wanawangoja. Mama aliendelea kuosha viazi, na maji yalipokwisha kuwa meusi aliendelea kuosha kwa maji yale yale. Nilimwogopea mama siku ile, na tangu hapo nikaanza ukaguzi wangu wa sanduku.

Mtu pekee aliyemchangamsha baba alikuwa Mama Zaina, mfanyabiashara wa Mbugangari, karibu na mpaka wa Goma, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Alikuja kununua viazi vyetu na kuvivusha mpaka Goma kwa dada yake. Alisema Kiswahili cha huko, kilichopinda mbali kabisa na cha baba, lakini kilikuwa Kiswahili, na baba, ambaye alimwita Papa Neema kwa jina langu, alikaa naye akacheka. Wakati wa mvua kubwa, shamba likiwa limechanua maua meupe, Mama Zaina alikuja ameloa, akatua mwavuli wake na kusema, "Bon, Papa Neema, mi nakuletea habari muzuri. Gare iko nakuya! Batu ya leta bako napima barabara. Tutaacha kuteseka na mizigo." Leta ni serikali, hilo baba alilijua. Neno lile lingine ndilo lililomsimamisha.

"Gari?" aliuliza.

"Ndiyo, gare!"

"Linafika wapi?"

"Mahoko, Papa Neema. Mahoko pale!"

Baba aligeuka akaitazama barabara. Anayetoka Kigali kwenda Mahoko hana budi kupita Kanzenze kwanza, na kichwani mwake reli ilikuwa imeshalazwa mbele ya shamba letu. Mama alikuwa hapo hapo, anashona mdomo wa gunia kwa kamba ya katani. Aliinua kichwa, akamtazama Mama Zaina, akamtazama baba, kisha akarudi kwenye kushona kwake. Mama yangu, aliyeshuku hata mvua, hakusema neno.

Kesho yake baba aliamka kabla ya kila mtu. Alikwenda kwenye kona ya shamba iliyo barabarani, mahali ambapo mama alikuwa amerundika mawe ya volkeno aliyoyang'oa kwa mikono yake, akaanza kuyapanga. Reli ikija, alituambia, gari halitasimama mahali pasipo na stesheni. Lazima lione pa kusimama. Aliwaambia na majirani kwa neno ambalo hata Kinyarwanda kinalo, gariyamoshi, kwa hiyo hapakuwa na wa kumsahihisha. Alipanga safu fupi ya mawe iliyolingana na barabara, chini chini, akaisawazisha kwa changarawe, akaweka benchi la ubao. Kona ile ilikuwa na matuta manne ya viazi bora kabisa. Mama aliyang'oa kabla ya wakati wake, akatupikia viazi vidogo kama mayai ya njiwa, na hakulalamika. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku na yeye.

Majirani nao walishuku kwa njia yao. Vijana wenye vyombo vya kupimia walikuwa wamepita kweli, wakaacha vigingi vyenye rangi nyekundu kando ya barabara, na mtu yeyote mwenye shamba akiona kigingi chekundu anajua linaweza kuchukuliwa. Na huku, mgeni aliyekuja juzi anajenga kana kwamba ameahidiwa kitu! Mzee Bizimana, jirani yetu wa upande wa juu, alikuja akasimama mbele ya mawe akiwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Alisema Kiswahili cha huku, nadhani ili baba asipate kisingizio kwamba hakuelewa.

"Papa Neema, unijibu kweli. Nani alikutuma?"

"Sikutumwa, mzee wangu. Najenga mahali pa kungojea."

"Kungojea nini?"

"Gari."

"Yewe! Mutu hawezi kujenga ya kungojea kitu hayajaona. We unajua kitu. Kama batatukamata mashamba, ni we uliwaita."

Kesho yake mzee Bizimana aliotesha miche ya parachichi kando ya barabara, imebanana kiasi kwamba mbuzi asingepenya, ili wakija kuhesabu mali za kulipa fidia wakute msitu. Wengine wakamuiga. Watu ambao hawakuwahi kupanda mti waliamka wakulima wa miti. Kwenye bomba la maji wanawake walinyamaza mama alipofika na dumu lake, na shuleni mimi niliitwa Gariyamoshi, wavulana wakinifuata nyuma wakipuliza midomo. Nililia, nikamwambia baba aache. Aliniketisha kwenye lile benchi, akanifundisha jinsi ya kukunja bendera ya kijani ili isiguse matope. Bendera yenyewe ilikuwa kipande cha kitenge cha mama.

Kisha likatokea jambo lililonitia hofu zaidi. Lori la kubebea viazi vya Mama Zaina lilikuja, na baba akamwomba dereva alirudishe nyuma mpaka penye mawe. Dereva akarudisha. Baba aliweka kiganja kwenye ukingo wa bodi ya lori, kisha akakiweka kwenye mkanda wa suruali yake, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu. Wakazungumza kwa muda, yeye na dereva na Mama Zaina, sauti chini. Nilijificha nyuma ya magunia, lakini sikusikia chochote isipokuwa Mama Zaina akisema, "Donc, sasa umeelewa," na baba akimwomba asimwambie mtu. Mimi nilishaamua maana yake. Anapanga lifti. Dereva atampatia lori la kwenda Kigali, kutoka Kigali hadi mpaka wa Tanzania, na sisi atatuachia benchi. Nilikimbia nyumbani nikaburuta sanduku. Koti lilikuwamo, shati lilikuwamo. Viatu havikuwamo. Nikanusa koti ili kuwa na hakika, nikarudisha kila kitu kilivyokuwa.

Baba hakuondoka siku ile, wala iliyofuata. Badala yake alianza kuongeza mawe. Stesheni iliyokuwa imelala chini ikapanda mpaka magotini kwake, ikapanda mpaka mapajani, na mtu aliyekuwa anashika jembe kwa unyonge akawa anabeba mawe ambayo vijana wawili wangeyaacha. Mama alimpelekea uji wa mtama kule kule kazini. Wakati mwingine aliketi kwenye benchi akimtazama, na nilipotokea alibadilisha uso haraka. Nilishuku kwamba wote wawili wananificha kitu, nikashindwa kujua ni nini.

Wakati wa mavuno baba alinichukua tukateremka Mahoko kwa miguu, kila mmoja na mzigo wake. Karibu na soko tukakuta kiwanja kimesawazishwa, magari madogo ya abiria yamepangwa, na kibao kipya kimesimamishwa. Nilikuwa najivunia kusoma, nikakisoma kwa sauti: GARE. "Baba, wamekosea," nilisema. "Wameweka e badala ya i." Mpiga debe aliyekuwa karibu alitucheka, akatueleza kwamba gare ni hapa hapa, mahali pa kupandia magari, ni Kifaransa, hata Kigali wanasema hivyo, parikingi ni neno la zamani. Nikamtazama baba, nikingoja aanguke. Reli yote ya msimu ule, bendera, benchi, matusi ya shuleni, vyote vilikuwa herufi moja! Lakini baba alicheka, akacheka mpaka akajifuta macho. "Hawajakosea, Neema," alisema. Kicheko kile hakikunipendeza hata kidogo. Nilidhani ni cha mtu ambaye hana tena cha kumzuia.

Tulipofika nyumbani nilimtangulia mbio. Sanduku lilikuwa limeshavutwa katikati ya chumba, kifuniko kiko wazi, na mama amesimama mbele yake mikono kiunoni. Baba aliingia, akatutazama sote wawili, akainama akalitoa koti, akalikung'uta na kulivaa. "Baridi ya huku haina adabu," alisema. Akatoka nalo kwenda shambani. Jioni alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango na halikurudi sandukuni tena. Mama aliweka mbegu za viazi ndani ya sanduku. Nilifurahi kupita kiasi, lakini kwa miaka mingi niliendelea kuuangalia ule msumari kila nikiamka.

Mawe yale hayakubomolewa. Madereva waligundua kwamba ukirudisha lori pale, gunia linasukumwa tu kutoka kwenye jukwaa mpaka kwenye bodi, halinyanyuliwi na watu wanne wakivunjika migongo. Kwanza alikuwa Mama Zaina, kisha wanunuzi wa karoti, kisha wa vitunguu. Watu wakapaita Stesheni, mwanzo kwa kumkejeli baba, baadaye bila kukumbuka kwamba ni kejeli. Mzee Bizimana, ambaye hakulipwa fidia ya mti hata mmoja, aliipunguza miche yake, na iliyobaki ikakua ikaweka kivuli juu ya benchi. Alimalizia uzee wake hapo, akinunuliwa chai na baba na kumwuliza kila siku kama gari limechelewa. Leo utingo wa basi anagonga bati akiuliza, "Stesheni kuna anayeshuka?" na abiria kijana hajiulizi reli iko wapi. Binti yake Bizimana anauza mahindi ya kuchoma pale. Baba alizikwa akiwa amevaa koti lake.

Mwaka huu vijana wa kupima wamerudi. Safari hii wana vyombo vinavyoruka angani, na watu wanasema ni reli ya kweli, inatoka Kigali. Mimi sasa nakaa Gisenyi mjini, na habari hiyo niliipata kwenye simu kabla haijafika Kanzenze. Siku hizi neno likisikika vibaya mtu anatoa simu na kulisahihisha papo hapo, hakuna anayeishi msimu mzima ndani ya kosa. Ni jambo jema, nadhani. Lakini nimeona watu wakisahihishwa haraka kiasi kwamba hawapati hata muda wa kupanga jiwe moja. Nilipanda kwenda kumwona mama, nikamkuta ameketi kwenye benchi la Stesheni, anatazama kigingi kipya chekundu kana kwamba kimemtukana.

"Kama ni gari au ni gare, sijui," alisema. "Safari hii asije mtu kuniambia kitu mpaka nikione."

"Ile safari nyingine uliamini?" nilimuuliza.

Alinitazama kwa lile jicho la kukagua kuku. "Mimi? Nilikuwa nimeuza karoti Goma misimu mitatu. Nilijua gare ni nini tangu Mama Zaina alipofungua mdomo."

"Na ukamwacha baba ajenge!"

"Ningemwambia, angekwenda kuangalia." Alishika ncha ya kitenge chake akaikunja na kuikunjua. "Asubuhi ile aliamka mwenyewe, Neema. Tangu tufike huku hakuwahi kuamka mwenyewe. Nikasema, na yaende matuta manne. Nimemdanganya mume wangu mpaka nimemzika. Mungu anajua."

Nilitaka kumjibu, lakini lori lilikuwa linarudi nyuma, utingo akipiga kelele, na ikabidi tusimame kupisha. Bodi ilikuja taratibu ikagusa mawe. Ukingo wa bodi na ukingo wa jukwaa vikalingana, ungeweza kupitisha mkono juu yake usihisi mahali vinapokutana. Nimeliona jambo hilo mara nyingi mno. Siku ile ndipo nilipoyaona na mengine: kiganja cha baba kwenye bodi, kiganja kwenye mkanda, Mama Zaina akisema sasa umeelewa, na mawe yaliyoanza kupanda kesho yake. Baba alikuwa mtu wa reli. Alijua kwamba stesheni zetu hazina jukwaa, kwamba abiria anapanda kutoka kwenye kokoto. Hapana treni hata moja aliyowahi kuipungia bendera ambayo ingehitaji ukuta wa urefu ule.

Nikamweleza mama, polepole, kwa sababu masikio yake siku hizi ni mazito. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisogea penye mawe, mahali ambapo vijana walikuwa wanasukuma magunia, akaweka kiganja chake juu ya ukingo. Ulimfika juu ya kitovu. Kwa baba ulikuwa unafika kwenye mkanda.

"Kwa hiyo alijua," alisema.

"Alijua kabla ya mavuno. Kabla hatujakwenda Mahoko."

"Na mimi nampelekea uji kila siku, nachunga mdomo wangu nisije nikamvunja moyo!" Alianza kucheka, na machozi yakamtoka katikati ya kicheko, na hakuyafuta. Kijana mmoja aliacha gunia lake akauliza kama bibi anaumwa. Mama alikuwa bado ameshika jiwe, akilipigapiga kwa kiganja.

"Mwongo mkubwa," aliliambia. "Mwongo mkubwa wewe."